Korosho iliyonichoma mdomo Newala

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara sina mengi ya kusema, joto tu. Msimu wa minada ya korosho ulikuwa umepamba moto, na chumba cha gesti cha 15,000 nilitozwa 30,000, feni mbovu. Nililipa nimenuna, nikapanda gari la Newala.

Huko ndiko yalikonikuta. Jirani na nilipofikia alikuwepo bibi mmoja anabangua korosho uani. Nikamwamkia shikamoo, akanisogezea kigoda. Sisi wa Maswa korosho tunaijua ikiwa nyeupe ndani ya mfuko. Nikaokota moja na ganda lake, nikaing'ata.

"Tema, mwanangu! Tema!"

Mafuta ya ganda yalikuwa yameshafika. Midomo iliwaka, ikavimba, na baada ya siku mbili ngozi ikaanza kubanduka. Bibi alinipaka mafuta ya nazi, akarudi kwenye bati lake lenye matundu. Korosho zikipata moto hutoa mafuta na kuwaka zenyewe, moshi mweusi tii. Anazimwaga chini, anazifukia mchanga mpaka moto ufe, kisha anagonga moja moja kwa jiwe. Anagonga taratibu, maana kokwa ikivunjika na bei imevunjika. Vidole vyake vimeliwa na mafuta hayo hadi vikawa laini kabisa. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine haikuona alama ya kidole hata kimoja.

Kazi hiyo alijifunza kiwandani akiwa binti. Miaka ya 1970 Serikali ilikopa Benki ya Dunia ikajenga viwanda vya kubangua huku kusini. Wakati huohuo wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho yao mbali, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nao ukaingia mashambani. Mavuno ya nchi yakaporomoka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi kama 16,500 msimu wa 1986/87. Mitambo ipo, korosho hakuna!

Sasa korosho zimerudi, tena nyingi kuliko enzi zile, lakini sehemu kubwa inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. "Pale kiwandani petu siku hizi ni ghala," bibi aliniambia. Nilimuuliza kulikoni. Akasema mwenye kiwanda wa hapa anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya wiki chache za mnada, kwa pesa ya mkopo, akishindana na watu wa meli. Na mkulima hawezi kukataa bei ya juu ili kiwanda kiishi. Ana ada za watoto. Serikali imetenga eneo la kongani, yaani viwanda vya korosho vikae pamoja, huko Maranje mkoani Mtwara. Naomba kwa dhati safari hii waanzie kwenye mtaji wa kununulia korosho, mitambo ifuate.

Usiku ule maumivu yalininyima usingizi, nikawa naiwaza pamba yetu. Inachambuliwa kwenye jineri, marobota yanapakiwa, yanaondoka, nasi tunakwenda gulioni kuchagua mashati ya mitumba. Marehemu baba alilima pamba miaka yote, na sijui kama aliwahi kuvaa shati lililotoka shambani kwake.

Nilinunua kwa bibi kilo mbili, sikuomba apunguze. Nyumbani mama alikula chache, nyingine akazifunga kwenye pindo la khanga. Akauliza huko wanazimenyaje. Nikamwonyesha mdomo.