Mjomba, ni Gredi

Niliondoka Kinango, Kwale, 2011 kwenda Doha. Siku hizo sisi tulikuwa watu wa Mkoa wa Pwani. Kaunti tulizisikia kwenye katiba mpya tu. Nimerudi Novemba 2025, nikamuuliza mpwa wangu yuko darasa la ngapi. Alicheka. "Mjomba, ni gredi." Kumbe ndio kwanza ametoka kufanya KJSEA, mtihani wa gredi ya tisa wa kumaliza sekondari msingi, ambao haukuwahi kufanywa kabla ya mwaka huo. Mimi nilikuwa bado na KCPE yangu kichwani, ule mtihani wa darasa la nane, na hiyo ilizikwa 2023.

Alinipeleka shuleni kwao, ambako pia ndiko nilikosoma. Sekondari msingi iko ndani ya ua uleule wa shule ya msingi. Pembeni kuna darasa la chekechea lililojengwa na kaunti, safi kuliko yote. Wazee pale kijiweni humlaumu gavana hata walimu wakipungua, ilhali kisheria yeye ana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa msingi na sekondari ni wa serikali kuu, Nairobi. Ila basari ya kaunti, Elimu ni Sasa, hiyo wanaisifu. Karo ndiyo inayouma, nani asiyejua?

Mimi najua. Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya msingi, nilikuwa darasa la sita. Vijana waliokuwa wanachunga mbuzi walirudi na sauti zimeshakuwa nzito, dawati la watatu likakaliwa na watano. Rejista ilinenepa. Kufika darasa la nane ilikuwa imekonda tena: ukame, makaa, ndoa. Mtihani nilipita 2005, nafasi ya sekondari nikapata, pesa sikupata. Serikali ilipoanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, 2008, mimi nilikuwa nabeba zege Diani.

Kwa hiyo mtu akiniambia watoto wameandikishwa wengi, mimi huuliza waliobaki. Na hata kuandikishwa kwenyewe siku hizi kuna mlango wake. Mdogo wake mpwa wangu anasoma kila siku, lakini hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, haukumtambua. Zile shilingi 1,420 ambazo serikali huipa shule kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, zake hazikuja. Mtoto yuko darasani, serikali haimwoni! Dada yangu amekwenda kufuatilia cheti hicho mara tatu, nauli yake.

Mpwa wangu mkubwa amechagua mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na Januari anaingia gredi ya kumi, bweni. Nikalimwaga begi langu la Doha kitandani, nikamwambia achukue. Dada yangu akaligeuza, akayatazama magurudumu.

"Hili watamrudisha nalo getini. Wanataka sanduku la bati, lenye kufuli."

Kesho tunashuka Mariakani kulitafuta.