Bao huamuliwa kwenye namua

Kati ya michezo yote ya baraza jioni watu wakitoka kazini, karata na dhumna zikiwemo, chaguo langu ni bao la Kiswahili. Halina bahati. Kete zote 64 ziko mbele ya macho ya wote, kwa hiyo aliyefungwa hana wa kumlaumu. Tatizo ni kwamba wengi hujifunza hesabu za mtaji (hatua ya pili, kete za mkononi zikiisha) wakaidharau namua (hatua ya kwanza, ya kuingiza kete mojamoja), na huko ndiko wanakouawa.

Upangaji kwanza. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane. Hesabu safu yako ya mbele kuanzia kushoto kwako: shimo la tano ndilo nyumba (kwenye mbao za Zanzibar huchongwa la mraba), tia kete 6. La sita tia 2, la saba tia 2. Zinazobaki 22 zinakaa mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Zihesabu kabla ya kuanza. Kete moja ikidondoka chini ya mkeka, ugomvi wake ni wa usiku kucha.

Anayeanza hawezi kula, yaani kuchukua kete za mwenzake zilizo mkabala na zake. Nyumba yako inatazamana na shimo la nne la mwenzako, ambalo ni tupu, na mashimo yako mengine mawili pia yanatazama utupu. Basi unatakata, yaani unagawa kete bila kula. Tuseme umeongeza kete kwenye la sita, zikawa 3, ukazigawa kuelekea kushoto: nyumba inakuwa na 7, la nne linapata 1, la tatu linapata 1, kete inalala (zamu yako inaishia hapo). Sasa la nne lako linaikodolea nyumba ya mpinzani.

Hapa ndipo mgeni hujulikana. Mpinzani anaweza kula kwa nyumba yake au kwa shimo lake la sita, na kwa vyovyote anapata kete moja tu. Asiye na uzoefu hula kwa la sita, akaiondoa kete yako ya shimo la tatu na kuiacha ya la nne. Zamu yako ikifika, unatia kete kwenye la nne na kubeba 6 za nyumba yake kwa mkupuo. Nyumba ikishaliwa, haiwi nyumba tena. Hata shimo lile likijaa baadaye, ni shimo kama mengine. Mjuzi angekula kwa nyumba yenyewe, akaiondoa hatari iliyo mbele yake.

Ukila, kete ulizopata huanza kugawiwa kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Kuchagua upande ni hiari yako ukila kwenye mashimo manne ya kati. Ukila kwenye kichwa au kimbi (shimo linalofuata kichwa), lazima uanzie kichwa cha upande huohuo. Sheria hii husahaulika mno, na wengine huisahau kwa makusudi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ukianzia kichwa cha kushoto, idadi uliyokula ndiyo namba ya shimo la mwisho: umekula 3, unaishia la tatu. Ukianzia kulia, toa idadi hiyo kwenye 9. Kwa hiyo kula 5 kutoka kushoto, au 4 kutoka kulia, kunakufikisha nyumbani. Shimo linaloikabili nyumba likiwa na kete, unakula na kuendelea. Likiwa tupu, na nyumba yako bado ina 6 au zaidi, una hiari: ulale, au nyumba isafiri, yaani uzichukue kete zake zote uendelee kugawa.

Safari ndiyo tamu inayoua. Kete 10 zikizunguka zinaonekana kama ushindi, lakini zikiangukia shimo tupu mapema, umetawanya akiba yako mbele ya mdomo wa mpinzani. Binafsi naona nyumba isisafiri kabla hujaona walau mlo mmoja wa uhakika mwisho wa safari hiyo. Kuing'ang'ania mpaka ikafika kete 15 nako ni ujinga wa aina nyingine, kwa sababu mpinzani anahitaji kete moja tu, mkabala nayo, kuibeba yote.

Angalia pia safu yako ya mbele isikonde. Ikibaki tupu kabisa wakati bado una kete za kuingiza, umefungwa mkononi, na utani wake hauishi wiki.

Kete za mkononi zikiisha ndipo mtaji unapoanza: unachukua shimo lenye kete 2 au zaidi na kuzigawa. Ukianza na shimo lenye 16 au zaidi huruhusiwi kula zamu hiyo, kwa hiyo anayerundika kete nyuma akidhani anaweka silaha huishia kuwa na mzigo.