Kilo Tano za Kusi

Mwaka 2014, siku chache baada ya Idi ndogo, niliitwa barazani nikaambiwa mbwa amenenepa na kazi ya kumpunguza ni yangu.

Nilikuwa natunza bustani Jambiani, Zanzibar, kwa mama mmoja mtu mzima aliyezaliwa Bulawayo, Zimbabwe. Mbwa wake alikuwa dume kubwa la rangi ya ngano iliyoiva. Mgongoni alikuwa na mstari wa nywele zilizoelekea kichwani wakati wenzake wote zinalala kuelekea mkiani. Aina hiyo inaitwa Rhodesian Ridgeback, na ni huko huko Bulawayo ambako mwaka 1922 wafugaji walikaa wakaandika sifa zake: urefu, rangi, kifua, mwendo. Mama alizijua sifa hizo kama mvuvi anavyozijua nyota. Dume linatakiwa liwe na kilo 36.5. Alitaka kumpeleka Nairobi kwenye maonesho ya mbwa mwezi wa Oktoba, na tulikuwa na wiki tisa.

Mbwa akiitwa Kusi, kwa sababu aliletwa kisiwani wakati wa upepo wa kusi. Mwezi mzima wa Ramadhani majirani walibakisha futari, na Kusi hakubakisha kitu. Muhogo wa nazi, tambi, kaimati, vyote vilipita kwake.

Mizani ya kumpimia hatukuwa nayo. Nikaenda kwenye banda la mnunuzi wa mwani, mwenye ile mizani ya kuning'inia yenye ndoano chini na uso kama wa saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ila gunia nije na langu na nisiliache pale. Nilikata matundu manne, nikampitisha Kusi miguu, tukamnyanyua watu wawili. Alining'inia kimya, masikio yamelala, ananitazama mimi tu. Mshale ulisimama kwenye 42.

Mama hakushtuka. Alisema Kusi ana mifupa mizito, kwa hiyo tukifika 37 mizani tutaiweka kando na kuamua kwa mkono. Akanifundisha huo mkono. Aliniambia nikunje ngumi, kisha nipapase vifundo vya vidole kwa mkono mwengine. "Ukikuta hivi mbavuni, mbwa ana njaa." Nikafungua kiganja, nikapapasa ile nyama iliyo chini ya vidole. "Ukikuta hivi, amezidi." Halafu nikageuza mkono, nikaunyoosha, nikapitisha vidole juu yake taratibu. Mifupa ipo, unaihesabu bila kuitafuta, lakini imefunikwa. "Hivyo ndivyo ninavyotaka." Usiku ule nilikaa kitandani najipapasa mikono gizani, ngumi, kiganja, mgongo wa mkono, mpaka nikajua.

Chakula tulikipima kwa mizani ya jikoni, tukakipunguza kidogo kidogo, maana alisema mbwa akipungua haraka anapoteza nyama ya misuli pamoja na mafuta, na mbwa wa maonesho bila misuli ni ngozi iliyoning'inizwa. Wali ukapungua, dagaa wa kuchemsha na maini vikabaki, na juu yake boga lililochemshwa bila chumvi ili tumbo lijae. Kitunguu marufuku, kwani ni sumu kwa mbwa. Miba ya samaki aliyepikwa pia marufuku.

Mazoezi niliyapangiwa na bahari. Maji ya kwetu hayakai saa moja, kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo hapakuwa na ratiba ya ukutani. Nikitoka kuswali alfajiri natazama ufukwe. Maji yakiwa yanatoka, nachukua baiskeli na Kusi anakwenda mchakamchaka pembeni yangu juu ya mchanga mgumu uliolowa, kilomita tatu kuelekea Paje na tatu kurudi. Mchakamchaka tu, sio mbio, kwa sababu mwendo ule ndio unaojenga mgongo na mapaja, na ndio ambao mwamuzi angeutazama. Maji yakiwa yamejaa, tunaogelea ndani ya mwamba, pale ambapo mawimbi hayafiki. Jua likipanda tunasimama. Mbwa hatoi jasho kama sisi, joto analitoa kwa kuhema, na mchana wa Jambiani ungemuua.

Wiki ya tatu alinichomoka. Aliona ndege, akakatisha katikati ya shamba la mwani la mama mmoja wa mtaani kwetu, kamba tano zikang'oka na vigingi vyake. Mwani umelimwa Jambiani na Paje tangu 1989, na wanaoulima karibu wote ni mama zetu. Kamba moja ni mgongo ulioinama maji kupwa mazima. Yule mama hakunipigia kelele. Alisimama maji ya magoti, kashika kamba iliyokatika, akasema, "Mwanangu, hiki ndicho kitabu cha skuli cha mdogo wako." Maneno yale yalinichoma kuliko matusi. Siku mbili nilikaa barazani kwake nafunga vipande vya mwani kwenye kamba mpya, kimoja kimoja, na tangu siku hiyo Kusi hakushuka ufukweni bila ugwe mkononi mwangu.

Nyumbani nilikuwa na nguo za mbwa na nguo za watu. Mate yake yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Sikuona uzito wowote katika hilo, ni maji na udongo tu, na vyote Mungu ametupa vingi. Kilichonitia dhiki ni maneno ya mtaani. Kwetu mtu akinenepa tunasema ana afya, ametulia, anatunzwa. Akikonda tunauliza ana nini. Sasa watu wananiona kila asubuhi nalikimbiza dume la watu na chakula linapimiwa. "Unamtesa kiumbe cha Mungu," waliniambia, na waliosema hivyo walikuwa watu wema.

Mpaka mwisho wa wiki ya nne mizani ilisoma 39.5. Nilifurahi mno. Wiki ya tano, 39.5 ile ile. Wiki ya sita, 40.

Mama aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ninampa chakula kwa siri. Nilimwambia wallahi simpi. Aliniamini, lakini niliona kwamba ilimgharimu kuniamini, na sikulala.

Kesho yake mchana nilijifanya nimelala chini ya mkungu, na Kusi nimemwacha huru kwa makusudi. Aliamka, akajinyoosha, akatoka uani kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Nikamfuata kwa mbali. Alipita msikiti, akapita kisima, akaingia kichochoro cha kwetu, akaenda kulala nyuma ya jiko letu, chini ya mpapai. Kwetu mimi!

Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alimaliza ya pili, akatia maji, akakamua tui kwa kifumbu, tui la kwanza, kisha la pili. Yale machicha aliyakusanya kwenye kifuu, akanyoosha mkono mpaka bega likamuuma, akayamwaga mwisho wa kivuli. "Haya. Baidi na mimi," alisema. Kusi hakuinuka mpaka Bibi amerudi kwenye kigoda. Kisha akala machicha yote, akalamba na mchanga. Mafuta yanayobaki kwenye machicha kila mpishi anayajua. Ukiyashika, mkono unang'aa.

"Bibi," nikamwambia, "tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kumkondesha."

"Bibi, ndiyo kazi niliyopewa. Ananenepa kwa ajili yako, na mimi nadhaniwa mwongo."

Alinyamaza kidogo. Mikono yake ilikuwa bado myeupe ya tui. Akanikumbusha kisa alichonisimulia nikiwa mdogo, cha mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. "Huyu anakuja hapa kila siku, mjukuu wangu. Anakaa mbali, hanisogelei, ana adabu kushinda watu. Nimtazame tu?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilirudi kwa Mama nikamweleza ukweli wote, akacheka mpaka akafuta macho, akaenda mwenyewe jikoni. Jioni nilimpelekea Bibi bakuli la boga lililochemshwa. Nikamwambia machicha awape kuku, na Kusi ampe hili, saa ile ile, kwa kifuu kile kile. Alilionja kwanza. "Halina hata chumvi," akalalamika. Lakini alimpa, kila siku, na Kusi alilila.

Wiki ya saba, 39. Ya nane, 38. Ya tisa mnunuzi wa mwani alivaa miwani, akasogeza uso kwenye mizani, akasema, "Thelathini na saba, na haijazidi." Mama aliinama pale pale bandani, akafumba macho, akapitisha vidole mbavuni mwa Kusi, huku na huku. Halafu akaniashiria nami nipapase. Ilikuwa mgongo wa mkono wangu hasa. Kiuno kilikuwa kimeingia, mapaja yameshikana, na ngozi ilipokuwa inateleza juu ya bega uliuona msuli unavyofanya kazi chini yake.

Waliondoka kwa boti ya asubuhi kwenda Dar, kisha kwa gari mpaka Nairobi. Siku ya nne simu ikalia nikiwa namwagilia bustani. Mama alisema Kusi ameshika nafasi ya pili katika kundi lake, na mwamuzi alikaa sana na mkono mbavuni mwake, akauliza nani kamwandaa.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Nikamweleza yote, Nairobi, mwamuzi, nafasi ya pili. Alisikiliza, akaweka ungo chini.

"Na huko," akaniuliza, "nani anampa boga lake?"