Nairobi hadi Loiyangalani: ramani inakudanganya

Kuna mtu kaniuliza eti Loiyangalani, kile kijiji cha ufukoni mwa Ziwa Turkana, ni mbali kiasi gani toka Nairobi. Inategemea wewe ni ndege ama binadamu wa kawaida. Ukipiga mstari kwenye ramani ni kama kilomita 450 tu, karibu kaskazini moja kwa moja, na kandege kadogo ka uwanja wa Wilson kanafika kwa saa moja na nusu hivi, upepo ukikubali, maana upepo wa Ziwa Turkana sio mchezo, ndio maana wakaweka zile mitambo 365 za umeme pale karibu.

Shida ni kwamba hakuna ndege ya tiketi ya kila siku, ni ya kukodi, na bei yake wacha tu.

Kwa barabara sasa inakaribia kilomita 700. Lami unakula vizuri, Nanyuki, Isiolo, mpaka Laisamis, unajiona umefika, kumbe hapo ndio unakunja kushoto na kuna kilomita kama 200 za murram, ile barabara walitengeneza wakipeleka hizo mitambo za upepo, na bado kijiji kiko mbele. Google ikikuambia masaa usiiamini, weka siku mbili, lala Isiolo.

Bila gari? Basi za Marsabit, mji ulio mbele ya Laisamis, zipo, toka hapo ulizia lori sokoni na ubebe maji mengi, jua la huko halina adabu.