Mkono wa Kushoto Unapoitwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimerudi kwenye Waamuzi 20:16, mstari ambao wengi tunaupita mbio kwa sababu sura nzima ni damu tupu. Benyamini walikuwa na wanaume 700 waliochaguliwa, wote wa shoto, na kila mmoja aliweza kurusha jiwe kwa kombeo akapiga hata unywele, asikose. Na Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Aliyeandika hapo sijui kama hakutabasamu.

Kiswahili chetu kilishaamua zamani: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa kushoto una kazi zake tusizozitaja mezani. Mimi mwenyewe nina shoto, na hadi leo nikipokea sahani kwa mkono huo najua kuna jicho linaniangalia. Labda ndiyo maana nilivutiwa na habari za Jesse Orosco, Mmarekani wa Santa Barbara, California, mrushaji wa besiboli mwenye shoto.

Kwa wasioujua mchezo huo: mechi ina zamu tisa, huongezwa nyingine timu zikiwa sare, na anayeanza kurusha akichoka au akizidiwa, kocha humwita mwingine anayesubiri pembeni. Huyo wa pembeni hajui ataitwa saa ngapi, wala kama ataitwa. Mwenye shoto huitwa hasa mpigaji naye akiwa wa shoto, maana mpira wake hupinda ukamkimbia. Hadi 2019, siku nyingine kazi yote ilikuwa mtu mmoja: mipira mitatu minne, kocha anakuja, anauchukua mpira mkononi mwako, unarudi kuketi.

Orosco aliifanya kazi hiyo tangu 1979 hadi 2003, akastaafu ana miaka 46. Mechi 1,252, katika ligi kuu ya Marekani hakuna mrushaji aliyecheza nyingi kumzidi. Lakini jumlisha muda wote aliorusha: zamu 1,295 na ushei. Yaani zamu moja hivi kwa mechi. Kwingine kote alikuwa amekaa, akisikiliza kama simu ya pembeni italia.

Paulo alimwandikia Timotheo awe tayari "wakati ukufaao, na wakati usiokufaa". Sisi huo wa pili hatuupendi. Tunataka ratiba, na jina letu liwe juu.

Ninaporudi mara nyingi ni Houston, tarehe 15 Oktoba 1986. Mechi ya kutafuta fainali ilikuwa imefika zamu ya 14, timu yake ya Mets ya New York ikiongoza kwa pointi moja, wamebaki wapigaji wawili tu wa kutolewa. Billy Hatcher wa Houston akaupiga mpira wa Orosco, ukaenda ukagonga mlingoti wa mpaka upande wa kushoto, pigo linalohesabiwa pointi. Sare. Wangapi kati yetu wangetamani ardhi ipasuke? Kocha hakumwondoa. Zamu ya 16 Mets wakapata pointi tatu, Orosco akaruhusu mbili, na wakimbiaji wa Houston wakiwa bado kwenye vituo vya uwanjani wakisubiri kufunga, akamtoa mpigaji Kevin Bass kwa mpira wa mwisho. 7 kwa 6. Siku 12 baadaye, New York, zamu mbili za mwisho za fainali alipewa yeye yule yule aliyepigwa. Alipommaliza mpigaji wa mwisho alirusha glavu yake juu, akaanguka kwa magoti.

Petro naye alikabidhiwa kondoo na yule yule aliyemkana.

Mwaka 2009 jina la Orosco lilipopelekwa kwa wapiga kura wa Jumba la Heshima la besiboli, alipata kura 1.

Usharikani kwetu kuna mama mmoja hajawahi kushika kipaza sauti. Kwaya hayumo, kamati hayumo. Ila mtu akifariki usiku, ndiye anayepigiwa simu kwenda kukaa na wafiwa kabla ndugu hawajafika, awashe jiko, awafunge watoto khanga mabegani. Anakaa saa mbili tatu, wengine wakifika anaondoka. Jumapili iliyopita alikuwa benchi la nyuma karibu na mlango, mkoba miguuni. Kabla ya sadaka simu yake ilitetemeka. Akaitazama, akajifunga khanga, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kuubamiza.