Mgumu wa Marangu kwenye njia ya Tengboche

Miaka sita nilibeba mizigo ya watalii Kilimanjaro kabla sijaja Doha kulinda mlango wa hoteli. Kule kwetu wapagazi tunaitwa wagumu. Shifti ya usiku nafanya na kijana wa Solukhumbu, Nepali, ambaye naye alikuwa mpagazi kwao, basi usiku kucha ni ubishi: nani alibeba zaidi? Aprili likizo zetu zikaoana. Nikamfuata nikajionee.

Tuliondoka mji wa Namche, huko kwao Nepali, mita 3,440, saa moja asubuhi, tukakwea hadi kijiji cha Khumjung. Hapo nilisimama nikashangaa. Ni mita 3,790, juu kuliko Horombo yetu, kambi ya Kilimanjaro, na watu wanalima viazi! Marangu ukishavuka geti la kupandia Kilimanjaro, migomba umeiaga. Mbele ni msitu, mawe na wageni. Huku mashamba yamezungushiwa kuta za mawe, bibi anaanika mavi ya yak, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, ya kuwashia moto, na watoto wanakimbilia shule aliyoianzisha mwaka 1961 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest kwa mara ya kwanza na Tenzing Norgay. Wanakimbia, jamani, mimi natafuta pumzi. Didi mmoja, yaani dada, akatukaangia rikikur, chapati ya viazi vya kukuna, akaipaka siagi na pilipili. Nilikula tatu.

"Bistarai, dai," mwenzangu akawa ananituliza njiani. Dai ni kaka mkubwa. Bistarai ni pole pole, lile lile nililowaimbia wageni miaka yote.

Yak wakija, unajibanza upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Mawe yaliyochongwa sala unayapita yakiwa mkono wako wa kulia. Tukateremka mpaka mtoni Dudh Koshi, mahali paitwapo Phunki Tenga. Jina lilinichekesha peke yangu, maana kila anayepita pale ana tenga mgongoni. Wao wanaliita doko.

Kutoka hapo ni mlima mtupu, mita 600 hivi. Mbele yetu kijana mwembamba alikuwa amebeba mbao za kujengea, mkanda umepita juu ya paji la uso kama akina mama wa Kikuyu na kuni zao. Kila baada ya hatua kadhaa anategesha mzigo juu ya fimbo yake fupi yenye kichwa kama T, anapuliza mluzi wa pumzi, anaendelea. Mwenzangu akamuuliza uzito. Kilo 70.

Nikakaa kwenye jiwe. Sisi getini mzigo unapimwa, mwisho kilo 20, na unalipwa kwa siku. Huyu anayepeleka bidhaa analipwa kwa kilo. Ukitaka hela zaidi, unaongeza mbao. Aliniruhusu nijaribu ule mkanda. Niliinuka nusu, shingo ikakataa, nikamrudishia kwa adabu.

Tengboche, mita 3,867, tulifika ukungu umeshafunika mlima Ama Dablam. Monasteri ya Wabuddha iliyopo hapo iliangushwa na tetemeko la 1934, ikaungua 1989, na mara zote mbili wakaijenga tena. Nilijua sasa mbao zinafikaje.

Kijana akatokea baadaye, akashusha mzigo, akalitazama begi langu, akauliza kitu. Mwenzangu akaangua kicheko.

"Anauliza hilo lako kilo ngapi."

"Mwambie nane."

"Nimeshamwambia, dai. Nimemwambia pia kwamba kwenu unaitwa mgumu."