Nilivyomuandaa mdogo wangu kwa singo, mkorogo tukauweka pembeni

Mdogo wangu kaolewa Unguja na kazi ya ngozi yake, pamoja na kumsinga kwa singo (mchanganyiko wa viungo na maua anaosuguliwa bi harusi), nikaachiwa mimi, mana mama alikuwa na mapishi na wageni, na shangazi ambaye ndo somo wake (anayemfunda mambo ya ndoa) miguu inamsumbua hawezi kusimama muda mrefu. Bi harusi mwenyewe anakaa Dar, kazi ya ofisini, kidevuni chunusi na zile alama nyeusi zinazobaki, halafu mashosti zake wameshamjaza maneno et kuna krimu inatakatisha ndani ya wiki mbili.

Nikamwambia huo ni mkorogo tu hata wakiubatiza jina gani. Vitu vya hivyo vingi vina zebaki au haidrokwinoni, ndo mana vimepigwa marufuku, vingine vinatiwa steroidi, unang'aa siku za mwanzo, ukiacha chunusi zinalipuka upya na ngozi imeshakuwa nyembamba jua kidogo tu unaungua. Na bi harusi kila mtu anamkodolea macho jamani.

Usoni hatukufanya mengi. Sabuni laini, losheni isiyo na manukato, sanskrini kila asubuhi kwa sababu alama zile jua ndo linazikoleza, na mikono ikae mbali na kidevu (hapo ndo palikuwa na vita). Tulianza miezi kabla, na ile wiki ya mwisho feshoo ya saluni nikaikataa kabisa, ngozi ikigoma wakati huo huna muda wa kuituliza. Najua wapo watakaosema bi harusi asiyesingwa uso hajasingwa, lakini chunusi mbichi kuzisugua na karafuu mimi siwezi.

Mwilini sasa ndo palikuwa na raha. Nilienda Darajani nikachukua karafuu, mawaridi makavu, mrehani, manjano kidogo na liwa (mti wa sandali unaonukia), maganda ya machungwa tukaanika wenyewe yakasagwa. Kila nyumba ina singo yake hivyo msibishane na mimi vipimo. Liwa shangazi hakutaka isagwe mashine, kakaa mkekani na jiwe lake, anadondoshea marashi ya mawaridi anasugua kipande cha mti taratibu mpaka kinatoa uji mzito wa rangi ya maziwa ya chai, nyumba nzima inanukia, kuja kupata vijiko vichache mchana wote umeisha.

Kusinga kwenyewe unamvalisha kanga kuukuu mana manjano haitoki kwenye nguo, unampaka singo uliyoichanganya na marashi, unasubiri ianze kukauka, ndo unasugua kwa kiganja. Nongo zilivyokuwa zinajiviringa mgongoni hata yeye alishangaa, na anaoga kila siku! Viwiko, magoti na visigino nikakazia, shangazi kanishika mkono, "Mwanangu, singo haisuguliwi kwa hasira, akisema inawasha ushapitiliza." Baada ya hapo maji ya uvuguvugu bila sabuni, mafuta ya nazi mwili ungali na unyevu, halafu udi kwenye chetezo. Nywele tulitoa kwa sukari iliyopikwa na ndimu, na hapo singo ikapumzika mpaka ngozi itulie, vinginevyo anapata vipele mwili mzima.

Ubishi mkubwa ulikuwa piko. Shangazi anataka maua meusi, bila piko kwake harusi haijakamilika. Mimi nikaomba tupake tone moja ndani ya mkono kwanza tusubiri siku mbili, mana piko ni dawa ya kutilia nywele rangi na kuna watu inawaunguza mpaka malengelenge. Kesho yake pale pametuna pekundu na anajikuna. Shangazi kaangalia, hakusema kitu, kaagiza hina. Tukaipaka siku mbili kabla ya harusi, ikitoka mwanzo ni rangi ya chungwa ila usiogope inakolea yenyewe, muhimu ukishaibandua usikimbilie maji.

Asubuhi ya harusi hatukujaribu kitu kipya hata kimoja, losheni yake ileile ndo mekapu ikapanda juu yake, kidevuni zile alama zilibaki kidogo na poda ikazimaliza. Singo iliyobaki ukitaka ikae iweke ya unga kwenye kopo kavu, ile uliyokwisha changanya na marashi itumie siku hiyohiyo, ikilala inachacha.